Kiti cha Mlaji

Juu ya mlango wa mgahawa mmoja Mfaranyaki, hapa Songea, kuna picha ya chakula iliyogeuka buluu. Ilipotundikwa ilikuwa na rangi zake zote: mkate wa duara uliopasuliwa katikati, kipande kinene cha nyama, jibini inayochuruzika, jani la saladi lenye matone ya maji, rundo la chipsi na bilauri ya soda yenye barafu. Kisha jua likaanza kuila. Katika wino wa mabango, wekundu na unjano ndio hukimbia kwanza. Buluu huchelewa kuondoka. Leo nyama ni buluu, jibini ni buluu, chipsi ni buluu iliyopauka. Chini ya bango hilo, ndani, mama anasonga ugali. Jikoni pana sufuria ya maharage, pana matembele, pana dagaa wa Nyasa waliopandishwa kwa gari kutoka Mbamba Bay, wamekaangwa kwa nyanya na kitunguu hadi vichwa vinavunjika mdomoni. Saa saba mchana viti vyote vimejaa. Hakuna hata mmoja anayeulizia mkate wa kwenye picha, wala mwenye mgahawa hajawahi kuupika.

Picha ile ilitolewa mtandaoni na fundi wa mabango. Aliyeipiga, popote alipo, hajui kwamba sahani yake imekaa miaka yote hii juu ya mlango wa Songea, ikinyeshewa kuanzia Novemba na kupigwa vumbi kiangazi. Siwezi kuipita bila kuinua macho, kwa sababu kazi yangu ni hiyohiyo: napiga picha za chakula kwa kulipwa. Menyu za hoteli, mifuko ya unga wa sembe, keki za kipaimara na za harusi, kuku wa vijana wanaopokea oda kwa simu na kupeleka kwa bodaboda, zote zimepita mbele ya lenzi yangu. Na kila nikiitazama buluu ile najiuliza alikuwa amekaa nani mbele ya sahani hiyo siku ilipopigwa. Ni nani aliyevutiwa kiti? Maana nimekuja kuamini kwamba kila picha ya chakula ina kiti kimoja kisichoonekana. Mteja huamua mengi: rangi, ukubwa, nembo ikae wapi, glasi iwe ya kiwanda gani. Kiti hicho hakiamui, mara nyingi hata hajui kwamba kipo. Anayekiweka ni mpiga picha, na hapo ndipo mkono wake unapotambulikana.

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza mtindo wangu ni upi, na wanachotaka kusikia ni mambo ya rangi. Wapo wanaopenda giza: meza nyeusi, kitambaa cheusi, mwanga kidogo unaodondokea nyanya. Wapo wanaopaka kila kitu rangi ya machweo kwa programu ya simu. Sina ugomvi na rangi. Lakini rangi huazimwa kwa dakika moja, na mwezi ujao mji mzima unayo. Mahali unapomkalisha mtu hapaazimwi kirahisi, kwa sababu panatokana na jinsi wewe mwenyewe ulivyolelewa mbele ya chakula.

Na sisi tulilelewa kukifunika. Chakula cha kwetu hakikuzaliwa ili kitazamwe. Kawa juu ya sinia, sahani juu ya sahani, kitambaa safi juu ya chungu. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wazee, na ingawa methali hiyo hutumika kwa mambo mengi yasiyohusu mboga, ilianzia kwenye chombo chenye kitu ndani yake na jicho linalopita. Mtoto alikanywa asisimame mlangoni kutazama watu wakila. Macho hayana pazia, ndiyo, lakini miguu inaweza kuondoka. Papo hapo, watu walewale waliofunika chakula kwa hofu ya kijicho walimkaribisha kila aliyewakuta wakila. Karibu, tule. Hata kama tonge zilizobaki ni za kuhesabika, karibu ilitoka kwanza, na aliyekaribishwa alinawa akakaa, au akashukuru na kuwatakia heri. Hizo mbili hazikupingana. Aliyekataliwa ni mtazamaji. Aliyekaribishwa ni mlaji. Jicho lililokuja bila tumbo ndilo lililoogopwa.

Biashara ya picha imegeuza mambo. Sasa ni funua kombe, kila mtu apite aone. Chakula kimewekwa wazi kwa macho ya mji mzima, tena kimepakwa mafuta ili king'ae, na wala hakuna aliyesema karibu. Silaumu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tuliambiwa, lakini soko la leo halimwachi hata mwenye kizuri akae kimya. Lizaboni kuna mama ambaye makande yake sijayaonja mengine ya kulinganishwa nayo, na wateja wake wanahamia kwa jirani mwenye simu nzuri na picha nzuri. Mama huyo anahitaji picha. Mimi nahitaji ujira, maana mkono mtupu haulambwi. Kinachobaki ni kujua namna ya kukifunua chakula bila kukivua nguo. Picha imfikie apitaye njiani kwa sauti ya mwenyeji.

Tazama picha nyingi za siku hizi. Zipo zinazopigwa kutoka juu kabisa, kamera ikitazama chini wima, sahani zikawa miduara mezani. Ni picha safi, zinapangika vizuri kwenye simu, na wateja wanazipenda. Lakini nani hula akiwa pale juu? Pale juu yupo mhudumu aliyeinama, au ndege. Zipo zinazopigwa kwa usawa wa meza, lenzi imelala karibu na kitambaa na chakula kinapanda mnara. Hizo zinaifaa keki ya ghorofa tatu, kwa kuwa keki ya harusi kwa kweli hutazamwa kabla ya kuliwa, na bibi harusi huikata amesimama. Ugali haukai hivyo. Ugali wa kwetu huliwa watu wamekaa chini, mkekani au kwenye vigoda, sinia katikati. Macho yako juu ya chakula kwa umbali wa mkono, yanashuka kwa mshazari. Upande wa karibu ni wako. Mtoto aliyefunzwa hapeleki mkono upande wa mwenzake. Unaona ukingo wa sinia, mvuke, mchuzi uliotulia, na ng'ambo, bila kuyatafuta, magoti ya mtu mwingine. Ninapopewa kazi ya ugali naishusha kamera hadi pale paji la uso la aliyekaa linapokuwa. Magoti ya ng'ambo nayaacha, hata yakiwa ukungu tu. Anayeitazama picha hiyo hajui kwa nini anajisikia yumo. Anajisikia tu kwamba kuna wengine na kwamba nafasi yake imeachwa.

Tena naomba tonge moja limegwe kabla sijapiga. Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Meneja wa hoteli anataka ugali mzima, laini, umemiminwa kutoka kwenye bakuli na juu hauna alama. Ukimegwa anasema mbona umeshaliwa. Namwelewa: kwake chakula kilichoguswa ni makombo, na hoteli inayoonyesha makombo inajiaibisha. Lakini ugali mzima mbele ya kamera ni kitu kigumu mno. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye sembe nyeupe, inaugeuza ugali kuwa wa kijivu, wa huzuni, na lazima uuongezee mwanga kwa mkono wako mwenyewe hadi weupe urudi, kisha usimame kabla weupe haujawa tupu. Na hata ukifaulu umepata kilima cheupe tu. Ukimegwa, unazungumza. Unaonyesha chembe zake, unyevu wake, kwamba umeiva hadi ndani. Mpishi yeyote wa Songea huupima ugali wa mwenzake pale ulipomegwa. Dona inaonyesha rangi yake ya udongo. Alama za vidole zinabaki. Kwa meneja wa namna hiyo napiga zote mbili, namwachia achague, na nisifiche kwamba akichagua ule mzima huwa naumia. Anayelipa ana haki yake. Ila ile iliyomegwa naihifadhi, na katika kabati langu ndizo zilizo nyingi.

Ziko hila ambazo sizifanyi, hata nikiongezewa ujira. Katika kazi hii duniani, gundi nyeupe imemiminwa badala ya maziwa ili nafaka zisilowe, viazi vya kuponda vimesimama badala ya aiskrimu isiyostahimili joto la taa, povu la kunyolea ndevu limekuwa krimu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Campbell ya Marekani ilitangaza supu yake kwa picha ambazo chini ya bakuli ziliwekwa gololi za kioo, ili nyama na mboga zisizame bali zijitokeze juu, supu ionekane imejaa. Tume ya Biashara ya nchi ile ikaingilia, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha. Kwetu pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini mimi sikungoja sheria. Kumpaka samaki mafuta kidogo ili ngozi irudishe uhai wake ni jambo ambalo hata mpishi angelifanya kabla ya kuandaa. Kuweka gololi chini ya supu ni kumwambia mtu karibu, kisha anapokaa anakuta kiti hakina miguu. Kanuni yangu ni fupi: kila kilicho kwenye sahani ya picha kiwe cha kuliwa, na kiliwe. Kazi ikiisha tunanawa, mpishi, msaidizi wangu, mwenye duka akiwepo, tunakula. Chakula kilichopigwa picha kikatupwa jalalani kinanisumbua kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, nitaijaribu baadaye.

Mmarekani Edward Weston naye alikula alivyovipiga. Mwaka 1930, huko California, aliweka pilipili hoho ndani ya mpare wa bati, ukingo wake ukairudishia mwanga kutoka pande zote, na akapata picha ambayo mpaka leo hutajwa kila panapozungumzwa sanaa ya kamera. Aliandika katika shajara yake kwamba kuna waliomwita mla watu kwa kula vielelezo vyake baada ya kuvitukuza. Mkate wake wa kila siku ulitoka kwenye picha za sura za wateja. Pilipili ilikuwa ya nafsi yake. Wengi wetu tumejengewa njia hiyo: mchana mtumikie kafiri upate mradi wako, usiku fanya yako. Naiheshimu pilipili ile. Mabonde yake na mabega yake yananifunga macho kila nikiiona. Lakini haina sahani, haina jirani, haina chumvi. Haimkaribishi mtu. Na ile hesabu ya kugawa maisha vipande viwili, kimoja cha wateja na kingine cha roho, hainiridhishi. Ikiwa nusu ya siku zangu ni za kafiri, roho inabaki na masaa ya uchovu.

Ndiyo maana moyo wangu uko zaidi Bamako. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na alichokifanya chote kilikuwa kazi ya kuagizwa. Watu walikuja na nguo zao nzuri, wakalipa, wakaondoka na picha zao za kutuma kwa ndugu. Hakuwa na ukuta mzuri, akatundika shuka la kitanda chake nyuma yao. Taa zilikuwa ghali, akatumia mwanga wa jua uani. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu. Vitambaa vya nyuma alivibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, na uzeeni aliweza kuutambua mwaka wa picha kwa kuangalia kitambaa. Miongo ikapita kabla makumbusho ya Ulaya na Marekani hayajasema kuwa huyu ni msanii mkubwa. Hakuna mtu wa Bamako aliyemwagiza sanaa. Walimwagiza wapendeze, naye aliwapendezesha kwa kuwageuza kidogo, bega hivi, kichwa hivi, mkono uonekane. Agizo la mteja halikuwa ukuta kati yake na mtindo wake. Shuka lile, umaskini wa filamu, na hamu ya mteja kupendeza ndivyo vilivyoutengeneza.

Shuka langu mimi ni mwanga wa Songea. Vitabu vya kazi yetu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husema tafuta dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingii upande huo na mwanga wake hubaki mtulivu mchana kutwa. Atakayeufuata ushauri huo hapa mwezi Juni ataunguza nyanya zake. Sisi tuko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini mwa Ikweta. Juni na Julai jua limeegemea kaskazini, na utulivu upo dirisha la kusini. Desemba jua limevuka, linapita kusini ya vichwa vyetu, na mambo yanageuka: kaskazini ndiko kwenye mwanga mpole. Katikati, kuelekea mwisho wa Oktoba na tena Februari, linapita utosini, vivuli vinaingia chini ya sahani vikajificha, na hapo bora ungoje jioni. Kwa hiyo meza yangu huhama chumba pamoja na majira, ikifuata jua ambalo vitabu vile havikuliona. Na Juni inaleta kitu kingine. Baridi ya Songea ya mwezi huo, inayotufanya tuvae makoti asubuhi na kujikunyata jikoni, inaufanya mvuke uonekane. Ugali ukimiminwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea nyuma yake, mvuke unasimama wenyewe, mweupe, unazunguka polepole, na huna haja ya kuughushi kama wafanyavyo wapigaji wa miji ya joto. Mteja akitaka mvuke namwambia angoje Juni. Baadhi husubiri.

Ndani ya mwanga huo huingia mkono. Siwezi kupiga picha ya ugali bila mkono, na mkono wa kwetu ni mweusi, na chakula ni cheupe, na hizo mbili katika fremu moja ziliwatesa waliotutangulia. Filamu za rangi za zamani zilipangwa kwa ngozi nyeupe. Kadi za kupimia rangi zilizotumwa kwenye maabara zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu. Mweusi akikaa karibu na kitu cheupe, alizama gizani. Lorna Roth, msomi wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Kanada, aliufuatilia mkasa huo na kuuchapisha mwaka 2009, na jambo moja alilolipata halinitoki akilini: waliosaidia kuisukuma Kodak iboreshe namna filamu zake zinavyobeba rangi za hudhurungi ni watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa samani za mbao. Chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi zilionekana moja kwenye matangazo, mbao za aina mbili zilionekana mbao ileile, nao wakalalamika. Wateja wa biashara, waliotaka bidhaa yao ionekane vizuri. Mama wa Kiafrika aliyepiga picha na mwanawe na kurudishiwa kivuli hakuwa na nguvu ya kuibadilisha filamu. Chokoleti ilikuwa nayo. Nikiwaza hilo napata hasira na shukrani kwa pamoja. Hasira inajieleza. Shukrani ni kwa sababu inanionyesha kwamba kazi ya kuagizwa si lazima iwe ndogo; madai ya mtu anayetaka tu kuuza yaliweza kufungua nafasi ambamo mkono wa shangazi yangu, ukimega tonge, unaonekana hadi mistari ya kiganja.

Sasa lile nililosema nitalijaribu, la chakula kinachotupwa jalalani. Mji huu una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na viongozi na wapiganaji wenzake. Kumbukumbu yao ipo hapahapa mjini, eneo la Mahenge, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapo akaomba radhi. Lakini kamba haikuua wengi kuliko njaa. Vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, vilimalizwa kwa kushambulia chakula: utawala wa Gavana Götzen ulichoma mashamba, ukachoma au kupora maghala, ukawazuia watu kupanda. Makadirio yanayotajwa sana yanafika watu 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Hiyo ndiyo ardhi ninayoitandikia kitambaa na kupanga sahani. Mla, mla leo. Mla jana kala nini? Methali hiyo ni ya kweli kwa tumbo la mtu mmoja. Kwa nchi si kweli. Nchi hukumbuka ilichonyimwa, na bibi zetu waliotufundisha kuokota punje ya hindi iliyodondoka njiani hawakutufundisha ubahili.

Leo mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi. Msimu wa mavuno malori hupanga foleni kwenye maghala ya akiba ya chakula ya Taifa, magunia yanapanda yakizidi kimo cha mtu, na vumbi la mahindi linatia utando kwenye lenzi. Nimeombwa na msagishaji mmoja picha ya mfuko wake wa unga ukiwa umezungukwa na vitu vya kifahari, glasi ndefu na maua ya dukani, na nikampeleka aone foleni ile kwanza. Kushiba kwa Songea si jambo la kupambwa kwa maua ya dukani. Lina uzito wake.

Na kwa miaka mingi, macho ya nje yalipoizungumzia Afrika Mashariki na chakula, picha iliyokuja ni ya sahani tupu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alikwenda Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, na alichokileta kilitangazwa na BBC kikaitikisa dunia. Misaada ikatoka, watu wakapona. Amin naye alikuwa mtu wa kuagizwa, akiishi kwa kazi za vituo vya habari, na mtindo wake ulikuwa kufika mapema na kutogeuza uso. Sina neno dhidi yake. Nawaza kiti tu. Mtazamaji wa picha zile alikuwa sebuleni kwake, nchi ya mbali, pengine sahani ikiwa mapajani; aliyekuwa ndani ya picha hakuwa na kitu mkononi. Kile kiti kilikuwa cha mtu mwingine, na kimebaki kwake muda mrefu. Ndiyo maana, ninapopewa kazi ndogo kabisa, menyu ya kurasa mbili ya mgahawa wa stendi, siioni ndogo. Nakirudisha kiti. Anayepaswa kukikalia kwanza ni mtu anayeweza kufika pale kwa miguu akala.

Kahawa ndiyo inayoniletea shida katika hayo yote. Mbinga, upande wa magharibi wa mkoa wetu, Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa ngoro, mashimo yaliyopangwa pacha pacha kilimani, majani yamelazwa chini ya udongo, maharage na mahindi yanapokezana juu ya matuta, na maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kuuburuta mlima. Pembeni ya ngoro kuna mibuni. Wakulima wenyewe wengi hunywa chai. Kahawa inakwenda nje, Japani ikiwa miongoni mwa wanunuzi, ambako kahawa ya Tanzania imezoeleka kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imechumwa huku kusini, mamia ya kilomita kutoka theluji ile. Mlaji yuko wapi hapo? Kiti nikiweke wapi?

Mteja aliyeniita ana jibu tayari. Anataka kikombe cheupe, mvuke, na nyuma yake mlima wenye theluji, kwa sababu mnunuzi anaujua mlima huo. Nimemjibu kwamba kikombe nitampa, na mvuke upo, Julai Mbinga kuna baridi kuliko hapa. Nyuma yake nitaweka ngoro, kwa sababu ni nzuri kuitazama na hakuna mlima mwingine duniani wenye sura hiyo, na mnunuzi asiyeijua leo ataijua kwa kuiona. Na kikombe hakitakuwa peke yake mezani. Nimeomba viwe viwili, cha pili mbele ya mama aliyeichuma, naye awe amekwisha kupiga funda. Bei tumekwisha kukubaliana. Juu ya mlima bado tunazungumza.